Mashauri ya Mzee wa Baraza: Barua Tatu za Wasafiri

*Baba Mshauri, mimi na sahibu yangu twataka kwenda kwa pikipiki kutoka Salamabila mpaka Baraka, kwa njia ya Lulimba na Fizi, tukalione ziwa Tanganyika. Pikipiki ni yake, mafuta nimenunua mimi. Nani ashike usukani? — Mwenye Kidumu, Salamabila*

Ama baada ya salamu, mwanangu, suala lako ni zuri ila lina kasoro moja, nayo ni kudhani kwamba katika njia ile yuko dereva na yuko abiria. Kwani mvua ikisha kunyesha na udongo ukageuka uji, wote wawili mtashuka na kukunja suruali, mmoja avute usukani na mwingine asukume kwa bega, na tope la gurudumu la nyuma litamrukia msukumaji machoni bila kuuliza ni nani aliyenunua mafuta. Hapo ndipo usuhuba wenu upimwe: msukumaji akicheka, huyo ni ndugu, akianza kuhesabu lita, mrudishe kwa mamaye. Lakini kabla ya yote waulizeni wanaotoka huko hali ya njia, maana ushujaa usio na habari ni upumbavu, na mkiambiwa kwamba jana bunduki zililia, subirini, ziwa halihami.

*Mzee Mshauri, tulikuwa vijana watatu tuliochimba dhahabu Namoya, tukala sahani moja, tukagawana chembe kwa mizani ya vijiti vya kiberiti. Sasa nimeoa, nao kila magharibi waja kunishawishi twende machimbo mapya. Mke wangu asema: chagua. — Bwana Harusi, Kabambare*

Bwana Harusi, nimeisoma barua yako kwa makini, nikaona kwamba wenzio hawana hatia wala mkeo hana hatia, bali mwenye hatia ni wewe, ambaye mbele ya wenzio wajifanya mfungwa wa mkeo, na mbele ya mkeo wajifanya mateka wa wenzio, ukavuna huruma pande zote mbili na kazi usifanye upande wowote. Waalike siku ya Ijumaa baada ya sala, wale bugali na sombe nyumbani kwako, na ruhusa ya safari waiombe wao wenyewe kwa mwenye nyumba. Utastaajabu jinsi watu walioshuka mashimoni bila hofu wanavyotafuta maneno mbele ya mwanamke aliyeshika mwiko. Akiridhia, nenda, kwa safari yenye siku ya kutoka na siku ya kurudi, na fungu lako la dhahabu lifike mkononi mwake kabla ya kupita penginepo.

*Ndugu yangu Mshauri, ujanani mimi na mwenzangu tulisukuma baiskeli za mafuta ya mawese kutoka Kasongo mpaka Kindu, tukaapiana kusafiri pamoja hadi kufa. Yeye sasa yuko mbali kwa shughuli zake, nami kiuno kimegoma. Je, urafiki umekufa? — Kiuno, Kasongo*

Ndugu Kiuno, habari ya kukuliwaza haiko mbali, iko hapo Kabambare. Mwaka 1870, Daktari Livingstone, yule mpelelezi kutoka Uskoti, alipotaka kuuendea mto Lualaba na watu wake wengi wakamwacha, walibaki naye watatu tu, na miongoni mwao ni Susi na Chuma. Vidonda vya miguu vilipomrudisha na kumlaza Kabambare kwa miezi, walikaa naye. Alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma waliongoza msafara uliochukua maiti yake mpaka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, na mwaka uliofuata wakafika Uingereza pamoja. Je, baada ya hayo walifungana kamba? La hasha! Chuma aliongoza msafara wa Joseph Thomson mwaka 1879, na Susi akaenda na mpelelezi Stanley kwenye mto Kongo. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi huko huko mwaka 1891. Walioshiriki shida kubwa kama ile waliruhusiana kushika njia mbili, wala hakuna mwenye akili atakayesema kwamba hawakuwa masahibu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ujana humtaka rafiki awe miguu, ukubwa humtaka awe na subira, na uzee humtaka awe na kumbukumbu. Kosa ni kumdai wa leo deni la zamani. Mwandikie aje Kasongo. Mtakwenda pamoja mpaka sokoni, wajukuu wakisukuma baiskeli, nanyi mkibishana ni nani aliyekuwa akitangulia kileleni. Na ubishi huo msiumalize siku moja, maana ukiisha, kesho mtakosa la kuzungumza.