Koki ya Jirani

Suruali yangu bado inachuruzika maji ya mama jirani, na balozi wa nyumba kumi ameshaitwa. Hapa Same mtu husamehewa mengi, si kuvunja koki ya tangi lililojaa.

Nilikuwa najifunza kuchipu: kuunyanyua mpira wa gofu kidogo tu, ukaangukie karibu na shimo. Shimo lilikuwa sufuria kuukuu, fimbo ni weji ya mtumba ya nyuzi 56. Weji ina akili nyingi. Mmarekani Gene Sarazen alilehemu chuma cha ziada chini ya fimbo yake, akashinda nayo mashindano ya wazi ya Uingereza mwaka 1932. Siri ni ule unene wa chini: mchangani fimbo haizami, inateleza chini ya mpira, na mchanga wenyewe ndio unaourusha nje. Tena mpigaji hainui kitu! Anapiga kwenda chini. Ulalo wa uso wa fimbo ndio unaoupandisha mpira. Habari hii nimeisimulia mezani mpaka watu wanakula makande haraka haraka wakimbie.

Ila Sarazen hakuijua ardhi ya Same wakati wa kiangazi. Ni saruji. Unene ule ule ukigonga hapo, fimbo inadunda, ukingo wake unaupata mpira tumboni. Basi kitu kisichofika gramu 46 kikaondoka chini chini, kikawapita kuku, kikang'oa koki.

Mama jirani akaziba tundu kwa kidole gumba, mimi nikawa natafuta gunzi. "Mwanangu, mtu mzima unachezea maji ya watu?" Nikaanza kumweleza mdundo wa fimbo. "Hayo kamweleze balozi." Na sisi Wapare tunataniwa kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku.

Kwingine nako nilishajaribu. Kule Mamba Miamba mpira ulipotelea kwenye shamba la tangawizi. Makanya ulichukuliwa na mbwa.

Viwanja vyenye nyasi viko Moshi, na nyasi zinataka maji. Huku kwetu mradi wa maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025, baada ya kina mama kubeba ndoo miaka na miaka. Nyasi zilitangulia kunywa. Hilo halinichekeshi hata kidogo.

Nawe unayechipu kwenye ardhi ngumu, tafuta weji yenye chini nyembamba, weka mpira usawa wa mguu wa nyuma, na uangalie kwanza nani anakaa mbele yako.