Fundi Asiondoke Kabla Maji Hayajarudi

Kwanza, acha kuikaba koki. Kila nyumba ina mtu wake mwenye mkono mzito, anayeamini kuwa tone likikaidi dawa yake ni nguvu. Ndani ya koki mna washa, kipande cha mpira kidogo kama kifungo, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyoimaliza. Funga maji, fungua koki, itoe uitazame. Ikiwa imechimbika mduara, weka mpya. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 20 kwa siku. Ndoo nzima inapotea, na siku ya mgao hapa Dar es Salaam ndoo hiyo tunaigombania!

Pili, ficha ule mpira wa baiskeli. Ukishafungwa kwenye bomba la chuma "kwa leo tu", utakula nao Idi na Krismasi, huku kutu ikijilia taratibu chini yake.

Sasa fundi, na hapa tukae kidogo. Anafika saa nne asubuhi, maji yamekatika tangu alfajiri. Anakata bomba la plastiki, anapaka gundi, anaunganisha, anafuta mikono. "Mama, hapo tena sahau." Unalipa yote. Usiku wa manane maji yanarudi, hewa inatangulia ikikoroma ndani ya bomba, kisha kiungo kinaanza kutema, nawe uko jikoni na kanga kiunoni unatafuta beseni. Kazi ile haikujaribiwa na tone hata moja. Basi patana naye mapema, kwa heshima: nusu sasa, nusu maji yakirudi. Tandika karatasi ya chooni chini ya kiungo. Asubuhi ikiwa kavu, mpe chake chote na umshukuru. Fundi anayeijua kazi yake hanuni kwa sharti hilo. Anayenuna, mwache aende zake.

Choo kinachonong'ona usiku kucha kipimwe kwa rangi ya chakula: tia matone machache kwenye tangi lake, usivute maji, subiri nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi umechoka.

Mafuta ya maandazi yasimwagwe sinki. Yanaganda.

Na kabla ya kubishana juu ya bili, funga koki zote, pamoja na ya kujazia tangi, kisha kaitazame mita wakati maji hayajakatika. Ikizunguka, tafuta sehemu ya ua yenye majani mabichi kiangazi, uanze kuchimba hapo.