Tafadhali Msituchagulie Kitabu Kipya

Kwa Waheshimiwa Wateuzi wa Vitabu vya Fasihi ya Kiswahili,

YAH: OMBI LA KUTOCHAGUA KITABU KINGINE

Mimi ni mzazi wa Kata ya Iringo, Musoma. Tangu mtaala mpya uanze mwaka 2024, kuna minong'ono kwamba vitabu teule navyo vitabadilishwa. Nawasihi, msithubutu.

Nyumbani kwangu kuna kitini cha uchambuzi, fotokopi iliyofifia, pini zake zimeota kutu. Nilikinunua steshenari kwa ajili ya binti yangu mkubwa. Akafaulu, akamrithisha mdogo wake. Sasa anakikariri wa tatu. Humo Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu zimeshakatwakatwa tayari: dhamira, migogoro, ujumbe, hoja tatutatu za kujazia jibu. Riwaya zenyewe hazijawahi kuvuka kizingiti changu. Huyu wa tatu ataimwaga "nafasi ya mwanamke" katika Takadini bila kupepesa macho. Nilipomuuliza Sekai wa riwaya hiyo alipotoroka na mwanawe alipokewa na nani, akanitazama: "Baba, hilo huwa linatokaga?"

Mwenye kitini alikosea jina la mzee Mitomingi wa kwenye tamthiliya ya Ngoswe, akaandika Mitamingi. Darasa zima linaandika Mitamingi. Umoja wa namna hii hatuupati hata kwenye uchaguzi wa serikali ya mtaa.

Sasa mkileta kitabu kipya, miezi ya mwanzo kitini chake hakitakuwepo. Watoto watalazimika kukisoma! Mmelifikiria hilo? Nakala moja isiyo na jalada, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanacheka, wanabishana nani mkosaji, kengele inalia hawataki kutoka. Silabasi itamalizwa na nani?

Na kama ni lazima mchague, msitupe macho huku kwetu. Butiama ametoka mtu aliyemtafsiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, tena huku ana nchi nzima ya kuendesha. Tumemwekea makumbusho, inatosha. Kule Bunda, ukipanda kivuko Kisorya unashukia Ukerewe kwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, toleo la Kiswahili likachapwa 1980. Mwenyewe alivumilia miaka 35, wanafunzi wana haraka gani? Isitoshe ni bonge la kitabu. Atakayejaribu kukitolea kitini atafilisika kwa wino.

Lakini najua kuteua ni kazi yenu na hamtaweza kujizuia. Basi mkichagua, vitabu vyenyewe vitangulie kufika shuleni, kabla kitini hakijafika steshenari. Hata nakala 20 kwa darasa, tutaanzia hapo. Watoto watakaa wawiliwawili, watatuwatatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Iringo, Musoma.