Mpakato Usiopakatika

Ah, jamani! Sogeeni kidogo hapo kwenye benchi nipate pa kuweka kikombe, maana leo nina jambo rohoni na kahawa peke yake hailishushi.

Asubuhi kapita hapa kijana wa jirani yetu, yule aliyeingia chuo mwaka huu. Bumu, ile hela ya mkopo ya wanachuo, limetoka. Mnajua bumu likitoka hata salamu ya mwanachuo hubadilika sauti. "Shikamoo, mzee. Nataka laptopu ndogo, ya bei nafuu, ya matumizi ya kawaida tu. Ninunue ipi?" Moyo ukanijaa. Nikasema huyu kalelewa, kauliza wakubwa kabla ya kutoa hela. Nikakohoa, nikasukuma kashata pembeni, nikamuuliza ana shilingi ngapi. Laki nne. Na laptopu ya kufanyia nini? Kuandika kazi za chuo, intaneti, na mpira wikiendi. Basi nikamwaga elimu. Nusu saa nzima! Muuza kahawa alitua birika akasikiliza, na yule hatui birika hata kwenye msiba.

Saa nane mchana kijana karudi kakumbatia begi kama kichanga. Umepata ipi, mwanangu? Akakenua meno yote thelathini na mawili: "Nimepata i7, mzee! Halafu nyembamba."

Nilisonya mpaka paka wa muuza samaki akageuka.

Sasa i7 ndiyo nini? Nusu saa nimeimba: i7 ni ukoo, si umri! Kutamba una i7 bila kutaja kizazi ni sawa na kutangaza umechumbia kwa fulani bila kusema kama ni mjukuu au ni bibi mwenyewe. Namba inayofuata ndiyo yenye habari. Nikamwambia fungua tusome. Tukasoma: i7-3517U. Hiyo 3 ya mwanzo ni kizazi cha tatu, chipu ya mwaka 2012, yenye viini viwili tu ndani. Pale dukani, kwa maneno yake mwenyewe, aliiacha i5-8250U. Kizazi cha 8, ya mwaka 2017, viini vinne. Kaiacha kwa sababu gani? "Ilikuwa i5, mzee." Tano ni ndogo kuliko saba. Hesabu hiyo tumewafundisha wenyewe darasa la kwanza, basi tuvune.

Halafu msimlaumu mtoto peke yake. Nani hajashuka pale Msimbazi, Kariakoo, akitafuta laptopu? Mguu mmoja bado uko kwenye daladala, winga kashakushika mkono. "Braza! Anko! Bosi wangu! Laptopu? Simu? Twende dukani kwangu." Dukani kwake! Winga hana duka, hana hata kiti. Ana miguu na ulimi. Anakukalisha kwa mtu, anatoka mbio, anarudi na mashine ya mtu wa tatu chini ya kwapa, bei imeshapanda njiani kama nauli ya sikukuu. Na maneno yake yote mnayajua kwa moyo. "Hii mtumba wa Uingereza, bosi, ilikuwa ya ofisini, imetumika miezi mitatu tu." Mie hiyo ofisi naitafuta mpaka leo. Kampuni inayonunua kompyuta mwezi wa kwanza ikazitupa mwezi wa nne, kweli ipo? Kama ipo nielekezeni, nikaombe hata ulinzi wa usiku.

"Betri inakaa masaa matano." Ni kweli inakaa. Ukiwa umeizima.

Hapa pana kichekesho ambacho wataalamu wetu wa lugha hawakukitazamia. Walikaa, wakafikiri, wakatuletea jina zuri kabisa, kompyuta mpakato, wengine kipakatalishi. Kitu cha kupakata, unakiweka mapajani kama mjukuu. Haya, niambieni nani kijiweni hapa anapakata. Fundi viatu yake imechomekwa ukutani tangu aliponunua. Ukichomoa waya inakata roho kabla hujamaliza neno. Ile si ya kupakata, ile ni mbuzi wa kamba, inakula pale pale ilipofungwa. Umeme ukikatika fundi naye anazimika, anatoka nje kuja kututukania serikali. Na dawa ni ya bure! Kama ina Windows, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, itakutolea ripoti. Kuna uwezo iliozaliwa nao betri, na kuna uwezo uliobaki leo. Ukikuta uliobaki haufiki nusu, ujue unanunua na betri nyingine, basi shusha bei. Nimewaandikia watu wangapi amri hiyo kwenye karatasi ya kashata? Wakifika dukani wanaona haya. Wanaona haya kukagua mali kwa hela yao! Mtu huyo huyo akinunua nanasi analigeuza, analinusa, analibonyeza, analirudisha, anachukua lingine.

Mtasema basi dawa ni kununua mpya. Mmh. Ngojeni niwasimulie ya mpwa wangu, fundi cherehani, msichana mwenye akili zake. Alikataa mitumba. "Mjomba, mimi nataka ya kwenye boksi." Akapata kipya, kidogo, rangi ya pinki, nailoni bado imegandia juu. Tulikipiga picha. Mtaa mzima ulikuja kukitazama kama bibi harusi.

Kile kitu kina gigabaiti 32 za kuhifadhia. Yaani Windows ikiingia, ikavua viatu, ikaketi, nyumba imejaa. Haikupita muda mashine ikaanza kudai: kuna masasisho, nipishe nafasi. Binti akafuta nyimbo. Haitoshi. Akafuta picha za harusi ya shoga yake. Haitoshi. Akafuta za mchumba wa zamani (hapo nilimuunga mkono). Bado haitoshi! Kampelekea fundi, fundi kafungua mgongo, kachungulia, kaufunga taratibu kama mtu aliyefunua sufuria akakuta maji matupu. "Dada, humu hakuna cha kutoa wala cha kuingiza." RAM imechomelewa kwenye bodi. Nafasi ya kuhifadhia nayo imechomelewa. Ilivyozaliwa ndivyo itakavyozikwa. Kwa hela ile ile angepata mtumba wa ofisini unaofunguka, akatia SSD ya kwake, akaendelea na mishono yake. Lakini mtumba hauna nailoni.

Na wa bucha je? Salaale!

Mwenye bucha yetu, mtu mzima, ana ndevu, ana wajukuu, alisikia kuna Chromebook. Ndogo, nyepesi, inawaka upesi, virusi si tatizo lake. Yote ni kweli, wala siipondi. Kwa mtu wa intaneti na kuandika tu, ile ni mashine nzuri. Akaipata kwa bei ya kilo chache za steki. Kafika nyumbani, kawasha, kaunganisha na intaneti ya simu, mashine ikamwambia kwa upole kwamba yenyewe ni mali ya shule fulani huko Marekani, tafadhali mwanafunzi aingize anwani yake. Kaja mbio hapa na aproni ya damu: "Mzee, inaniuliza nasoma wapi!" Tulipomaliza kucheka tukamkuta kashaandika jina la shule yake ya msingi ya Singida, mwaka 1989, pengine wana kumbukumbu.

Haifunguki ile. Unaweza ukafuta kila kilichomo. Ikionja intaneti tu inarudi kule kule, kwa sababu usajili haumo kwenye mashine, umo kwenye daftari la Google kwa namba ya mashine yenyewe, na wa kuufuta ni shule iliyoisajili. Shule imeziuza mashine zake kwa mafungu, daftari haikuligusa. Na hata isiyo na kufuli ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba watazihudumia miaka 10, watu wakashangilia, lakini miaka hiyo haihesabiwi tangu siku uliyonunua wewe Kariakoo. Inahesabiwa tangu aina hiyo ilipotoka. Kwa hiyo unaweza kununua leo kitu ambacho arobaini yake ilishasomwa.

Ya bucha haikutupwa, lakini. Imewekwa juu ya friji la nyama, imefunuliwa, inawaka ukurasa ule ule wa kuingilia. Wateja wanadhani bwana kaingiza mfumo wa kisasa. Nyama imepanda.

Yarabi. Basi kijana wangu nilimwambia nini ile asubuhi? Si siri, nawarudieni na nyie, ingawa najua mtakwenda kununua mnachotaka. Nilimwambia usiulize rangi, uliza inafunguka? Ukitaka ndogo, tafuta zile ndogo za maofisini, za inchi 12 na nusu au 13, kilo moja na kitu. ThinkPad X270, EliteBook 820, Latitude za ukubwa huo. Hazina uzuri wowote, nyingine nyeusi kama chini ya sufuria, lakini bisibisi ya kawaida inazijua. X270 ina betri ya nyuma inayochomoka kwa vidole na RAM ya kubadilisha. Mdogo wake X280, wa 2018, kaja mrembo zaidi na RAM wameichomelea. Mnaona dunia inavyokwenda? Kila wakiipunguza unene, wanaipunguza na huruma.

RAM gigabaiti nane, usishuke hapo. SSD, na kama ina diski ya zamani ile inayokoroma, ng'oa, weka SSD. Hakuna pesa utakayoitoa kwenye laptopu kuukuu ukaona matunda yake haraka kama hiyo. Na kizazi cha 8 kwenda juu ukiweza, kwa maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao haiwakaribishi wengi wa chini ya hapo. Hiyo X270 yenyewe iko chini ya mstari, nilimwambia kabisa. Ukiipenda, itie Linux Mint ya bure uendelee na maisha. Muuza kahawa hapo akadakia: "Mint si ndiyo pipi?" Somo likafia hapo.

Sasa nyie mnaotazamana mkicheka chini chini, mnadhani sijawaona? Najua mnachotaka kusema. "Mzee, mbona ya kwako?" Haya, acha niseme mwenyewe kabla hamjanisemea.

Ya kwangu ni nzuri. Inafunguka. Ina SSD. Betri niliikagua, kizazi nilikisoma, mpaka bawaba nilizitikisa. Kitu kimoja tu sikukitazama, herufi. Ilitoka Ujerumani. Na kibodi ya Kijerumani, ndugu zangu, Z imekaa kwa Y, na Y imekaa kwa Z, pamoja na vile viirabu vyenye macho mawili juu. Fundi wakati wa kuweka Windows upya akachagua mpangilio wa Marekani, kwa hiyo nikibonyeza Z inakuja Y, na nikibonyeza Y inakuja Z. Mtu wa lugha nyingine huenda asiumie sana. Sisi? Kiswahili bila Z na Y kimebaki nini? Chumvi?

Na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuandika barua za kamati ya harusi. Macho ni ya uzee, miwani niliisahau, nikatuma kwenye kundi la simu usiku bila kusoma. Asubuhi watu sabini na kitu wamepata mwaliko kutoka kwa "Mwenzekiti", wakiombwa michango "zao", waje na "wayayi" wote, na watakaofika watakaribishwa pilau "za nzama". Chini kabisa, kwa heshima zote, nimejitia sahihi kama mtu mzima: "Myee wa Kijiwe".

Yule kijana wa i7, kumbe mjanja, aliinyakua mashine yangu leo hapa hapa, kabonyeza vitu kwenye mipangilio ya lugha, haikufika dakika mbili, Z ikarudi kwao na Y kwao. Mwaka mzima nimeteseka na kitu cha dakika mbili! Nikamshukuru. Nikamwambia na yeye airudishe ile i7 kesho asubuhi na mapema kabla winga hajasahau sura yake, akachukue i5 aliyoidharau, aongeze kidogo kama watamdai. Akasema sawa, atajaribu. Akabeba begi lake, akasimama, akainama kwa adabu zote za kwao.

"Shikamoo, Myee."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko, mpaka muuza kahawa. Ningefanyaje? Nikaitikia marahaba.