Gari Bora ni Lisilotoka Nje
Kipimo cha NEDC, yaani utaratibu ambao Umoja wa Ulaya uliutumia kukadiria mafuta yanayotumiwa na gari hadi ulipoanza kuachwa mwaka 2017, hakijapata shukrani kinazostahili kutoka kwa wenye magari ya dizeli ya familia. Gari lilipimwa maabara, likizungusha magurudumu juu ya rola kwa takriban dakika 20, katika joto lisilopungua nyuzi 20, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, nalo lilipewa sekunde 26 kufikia kasi ya kilomita 50 kwa saa, staha ambayo bibi harusi anayeingia ukumbini angeionea wivu. Hapakuwa na upepo, mlima, wala mtoto anayetaka kushuka kujisaidia. Kwa hiyo watafiti wa ICCT, shirika la utafiti wa usafiri, walipokadiria kwamba pengo kati ya takwimu rasmi na za barabarani lilipanda kutoka karibu asilimia 9 mwaka 2001 hadi asilimia 42 mwaka 2015, wakosaji walikuwa dhahiri: ni madereva, ambao walishikilia kuyaendesha magari hayo nje, tena wakiwa wamepakia wakwe na mabegi, na wengine, bila haya, wakawasha taa usiku.