Hedi, Gasketi na Nati Zinazobaki

Ufundi wa magari unaojifunzwa nyumbani kwa kawaida huanza na ushindi mdogo: mwenye gari hubadilisha plagi, yaani kifaa kinachotoa cheche ya kuwashia mafuta ndani ya silinda, gari likawaka, na tangu siku hiyo jamaa zake hulazimika kuvumilia maoni yake juu ya kila mngurumo unaopita. Iguguno, wilayani Mkalama, ngurumo hazikosekani, kwa kuwa barabara ya Singida hadi Nzega hupita hapo, na magari yatokayo Shelui hufika yakiwa yameshaupanda mlima Sekenke, kwa hiyo gari lililochemsha si kitu kigeni.

Kuchemsha huko kuna elimu yake. Penye mwinuko wa takriban mita 1,500, kama ilivyo sehemu kubwa ya uwanda wa Singida, maji ya sufuriani hutokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kinachoyazuia maji ya rejeta yasifanye hivyo ni kifuniko chenye springi, ambacho huyabana hata yakapita nyuzi 100 bila kutokota. Fundi wa nyumbani hukifungua injini ikiwa bado ya moto, maji yakaruka juu na kuwafundisha watazamaji wote fizikia kwa mkupuo mmoja. Kisha, ili kufuta aibu, humimina ndoo ya maji baridi, na hedi, yaani kipande cha aluminiamu kinachofunika silinda kwa juu, hupinda.

Hedi ikipinda, gasketi inayoziba baina yake na bloku huungua, maji yakaingia kwenye oili. Aliyewahi kubadilisha plagi haoni sababu ya kulipia ufundi. Humpa kondakta fedha amletee gasketi kutoka Singida mjini, akimweleza tu kwamba gari ni Corolla, jambo ambalo ni sawa na kumwagizia mtu viatu kwa kutaja ukoo wake. Miongoni mwa injini za Corolla, silinda za 5A zina kipenyo cha milimita 78.7, za 4A milimita 81, na gasketi zake hufanana kiasi cha kumdanganya mwenye haraka. Haraka, kwa bahati mbaya, ndiyo zana pekee isiyopungua katika kazi hii.

Boliti za hedi hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Nyumbani nafasi yake hushikwa na spana ya kawaida iliyorefushwa kwa kipande cha bomba, na kipimo cha nguvu huwa mguno wa mkazaji. Boliti ikikatika, huelezwa kwamba ilikuwa feki.

Hubaki suala la nati zisizojulikana zilikotoka. Wenye magari wamegawanyika hapa katika madhehebu mawili: wanaoamini kwamba kiwanda kiliweka za ziada, na wanaozitia mfukoni kabla mtu hajauliza. Dhehebu la pili lina wafuasi wengi zaidi, ingawa hawajitangazi. Gari likikataa kuwaka, huvutwa kwa kamba hadi gereji, ambako fundi, kabla hajagusa chochote, huuliza ni nani aliyeifungua injini hii, na mwenye gari, mkono ukiwa mfukoni, hujibu kwamba ni kijana mmoja mpita njia, ambaye ameshapanda basi la Mwanza.