Modemu Bubu ya Masisi

Mwenyekiti wa ushirika mmoja wa wakulima huko Masisi, mashariki mwa Kongo, ametoka kuisalimu modemu. Jambo, habari ya leo, habari ya nyumba, watoto wazima? Modemu imepokea simu, sekunde zinakwenda, salio linaliwa, na kimya. Fundi aliyeshuka na pikipiki kutoka Goma kuja kuonyesha maajabu anatazama viatu vyake vya matope.

“Papa fundi,” mama mmoja anauliza kwa upole unaouma kuliko tusi, “uyu mutu yako iko bubu?”

Maajabu yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1999 Mmarekani Mark Spencer, aliyeshindwa bei ya mtambo wa simu wa ofisi, alijitengenezea wake: programu huria ya Asterisk. Nayo huigeuza kompyuta kuukuu kuwa karani: hupokea simu, hucheza sauti iliyorekodiwa, hutambua namba iliyobonyezwa, huunganisha watu. Pasipo waya wa simu, unachomeka modemu ya USB yenye kadi ya SIM, tuseme Huawei E1550, pamoja na kiungo kiitwacho chan_dongle. Hapo utamu unaanza. Kijidude kimoja, lakini kompyuta inaona milango mitatu. Amri zinapita mmoja, sauti mwingine, vipande 8000 kila sekunde, kila kipande biti 16. Tatizo ni kwamba modemu hizi ziliuzwa kwa ajili ya intaneti, na nyingi sauti yake imefungwa. Dawa ni amri moja: AT^CVOICE=0. Naam, sifuri ndiyo hufungua mdomo, moja huufunga. Fundi aliandika moja, kama ambavyo angeandika mtu yeyote mwenye akili timamu.

Alipojaribu Walikale, eneo jirani, sauti ilitoka, kisha betri ya sola ikazima.

Sifuri inasameheka. Lisilosameheka ni kwamba vifaa vya elektroniki kama modemu hii hula tantalamu na bati, na Rubaya, hapo hapo Masisi, watu huchimba koltani ya tantalamu kwa mikono. Bati la Bisie, Walikale, lilibebwa miaka mingi mgongoni msituni hadi Njingala, likapakiwa kwenye ndege zilizotua juu ya barabara pale Kilambo. Madini yakapata ndege. Wenyeji hupanda kilima kutafuta mtandao. Na mwaka 2020 serikali ya Kongo ikaleta kodi ya RAM, ya kusajili simu, ikikatwa moja kwa moja kwenye salio la mwenye simu, hadi kelele za watu zilipoiondoa mwaka 2022.